Kuchemsha, klorini, kaboni au RO: kipi kinafaa maji ya nyumba yako Nairobi?

Maji ya mfereji yakirudi baada ya siku kadhaa za mgao, aghalabu huja na harufu ya klorini, na mabishano ya ploti huanza hapohapo. Jirani wa kwanza anasema dawa hiyo inaleta saratani, afadhali mtungi wa kujaziwa dukani. Wa pili anachemsha kila tone. Wa tatu kauziwa chujio kwa bei inayokaribia kodi ya mwezi, na ukimuuliza linachuja nini anakuonyesha picha iliyo kwenye boksi. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila hakuna aliye nao wote.

Msimamo wangu nauweka mbele kabisa. Njia yoyote inayokuondolea kemikali na kukuachia vijidudu haifai, hata ikiuzwa kwa maneno matamu kiasi gani. Na jambo linaloamua matokeo zaidi ya jina la mashine ni mpangilio: kipi kinatangulia na kipi kinafuata.

Kinachozaliwa ndani ya maji

Klorini yenyewe siyo tunayoizungumzia hapa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakubali hadi miligramu 5 kwa lita katika maji ya kunywa, na ukifikia kiwango hicho pua na ulimi vitakuwa vimekataa zamani. Shida huanza klorini inapokutana na mabaki ya majani, mizizi na udongo yaliyoyeyuka majini. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, lililokamilika mwaka 1994 na lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70. Mito inayolijaza inatoka kwenye misitu ya Aberdare, na mvua za masika zikishuka huko, mito hiyo haibebi matope peke yake. Hubeba pia viungo vya mimea vilivyoyeyuka, vile vinavyoyapa maji rangi ya chai ya rangi iliyopoa.

Klorini ikivigusa viungo hivyo, huzaliwa familia mbili kubwa za kemikali. Ya kwanza ni trihalomethani, kwa kifupi THM, na klorofomu ndiyo ndugu yao mkubwa. Ya pili ni asidi za haloasetiki. Maji yakiwa na bromidi, kama yalivyo mengi ya chumvichumvi, wanazaliwa pia ndugu wenye bromini ndani yao. Hakuna kati ya hizi utakayoinusa katika kiwango cha kawaida cha maji ya kunywa. Kwa hiyo harufu ya klorini haikuambii THM ni nyingi au chache, na maji yasiyonuka chochote yanaweza kuwa nazo.

Aliyelifumbua jambo hili ni mkemia Johannes Rook wa idara ya maji ya Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1974. Watafiti wa Marekani waligundua hilohilo mwaka huohuo, na kufikia 1979 serikali yao ilikuwa imeweka kikomo. Leo kikomo cha Marekani ni mikrogramu 80 kwa lita kwa jumla ya THM nne, na 60 kwa asidi tano za haloasetiki. Umoja wa Ulaya unaruhusu THM 100. WHO hupima kila kemikali peke yake: klorofomu 300, bromodiklorometani 60. Klorofomu imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Maji yaliyotiwa klorini yenyewe yaliwekwa mwaka 1991 katika kundi la 3, kwa kuwa ushahidi haukutosha kuyahukumu.

Soma namba hizo ukikumbuka zilivyopatikana. Vikomo vya WHO hukokotolewa kwa mtu mzima anayekunywa lita mbili kila siku maisha yake yote. Kipindupindu hakisubiri maisha yote. Kilipozuka Nairobi mwaka 2017 kiliingia hata kwenye hoteli za wenye suti, na mgonjwa asiyerudishiwa maji mwilini anaweza kufa ndani ya saa chache. WHO lenyewe linasema wazi kwamba uuaji wa vijidudu usilegezwe kwa sababu ya kuogopa kemikali hizi.

Kiasi cha THM hutegemea wingi wa viungo vya mimea, wingi wa klorini, na muda ambao viwili hivyo vinakaa pamoja, hasa kwenye joto. Njia zote nitakazolinganisha hushika mojawapo ya hayo, au huja baadaye kuondoa kilichokwisha kuzaliwa.

Kuchemsha na klorini, bega kwa bega

Kwa kuua vijidudu, kuchemsha kunashinda. Maji yakitokota barabara, bakteria na virusi hufa, na hufa pia kriptosporidiamu, kimelea ambacho klorini ya kipimo cha kawaida haikiwezi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hutokota karibu nyuzi 94 badala ya 100. Hilo lisikutie shaka. Joto hilo linatosha.

Kwa kemikali, kuchemsha kunafanya kazi nusu. Klorofomu huchemka nyuzi 61, kwa hiyo hutoka na mvuke mapema. Acha sufuria bila kifuniko, fungua dirisha, yaache yatokote dakika chache. Birika la stima hujizima maji yanapoanza tu kutokota, kwa hiyo hufukuza sehemu, si zote. Asidi za haloasetiki ni kisa kingine: nyingi hazitoki na mvuke. Maji yakipungua kwenye sufuria, zilizobaki hukolea. Vivyo hivyo floridi ya kisima, ambayo nitaigusia.

Gharama sasa. Mwenye gesi anajua mtungi unavyokimbia. Ila ninayemhofia zaidi ni anayechemsha lita 20 kwa siku juu ya jiko la makaa katika chumba kimoja, mlango umefungwa kwa baridi ya Julai. Huyo anakimbia mikrogramu za klorofomu na kupokea gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, ambayo huua usiku mmoja. Kwake klorini ya chupa ni salama zaidi kwa kila hesabu ninayoijua.

Tena, maji yaliyochemshwa hayana ulinzi. Mtoto akichovya kikombe, yameshachafuka. Klorini hubaki kazini: WHO linataka angalau miligramu 0.5 kwa lita ya klorini huru, yaani ile ambayo bado haijatumika, baada ya nusu saa, na isipungue 0.2 maji yanapomfikia mtumiaji. Hapa klorini inashinda waziwazi, hasa kwa anayehifadhi maji siku mbili tatu akingoja mgao.

Je, klorini ya nyumbani inazaa THM za kutisha? Kipimo cha kawaida ni kama miligramu 2 kwa lita kwa maji meupe na kama 4 kwa maji yenye tope. Utafiti uliochapishwa 2008 ulichukua maji ya magharibi mwa Kenya, mengine ya tope zito, ukayatia vipimo hivyo na kupima THM. Hayakupita vikomo vya WHO. Maji yale yalikuwa machafu kuliko ya mfereji wako, kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa Kayole kutupa chupa yake ya dawa kwa hofu ya saratani.

Kupunguza zaidi kunawezekana, na kazi hiyo hufanywa kabla ya dawa kuingia. Yaache maji yatulie, mimina ya juu, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa. Kitambaa huondoa tope, na tope likipungua klorini kidogo inatosha. Ila rangi iliyoyeyuka hupita kwenye kitambaa kana kwamba hakipo. Ya kuinasa hiyo ni shabu, au pakiti za unga zenye dawa ya kugandisha uchafu pamoja na klorini. Pakiti ya gramu 4 husafisha lita 10. Unakoroga, uchafu unashikana na kuzama, unachuja, unasubiri. Ni kazi ya mkono, lakini kati ya njia rahisi za jikoni ndiyo inayoshambulia chanzo chenyewe cha THM. Wanaotumia mbegu za mlonge wajue kwamba unga wake hugandisha tope vizuri, ila huacha viungo vyake vya mmea majini, na klorini itakayofuata itavikuta.

Chupa ya dawa ya maji iweke mbali na jua na joto, na utazame tarehe. Klorini ya maji ikikaa sana hupoteza nguvu na sehemu yake hugeuka klorati, kemikali nyingine yenye kikomo cha WHO, miligramu 0.7 kwa lita. Chupa iliyopauka kwenye kibanda chenye bati la moto si ya kununua hata ikiwa nusu bei.

Katika nyumba nyingi za Nairobi uamuzi huu ni mdogo kuliko unavyoonekana. Chai imechemshwa. Uji umechemshwa. Vyote viwili hutokota kwenye sufuria wazi, na THM zake zimekwenda na mvuke. Kinachobaki cha kuamua ni maji yanayonywewa baridi, labda lita chache kwa siku. Tia klorini mtungi mzima, kisha chemsha au chuja hizo chache ukipenda.

Kaboni na RO

Chujio la kaboni hutumia makaa maalumu yenye vinyweleo vingi mno. Hushika klorini, hushika THM, na hushika sehemu ya asidi za haloasetiki. Liko la jagi, la kufungwa kwenye mfereji, na la chini ya sinki. Halihitaji stima, halimwagi maji, na ladha hubadilika siku hiyohiyo.

Ubaya wake haujitangazi. Kaboni huendelea kuondoa harufu ya klorini muda mrefu baada ya kuchoka kushika klorofomu. Ulimi unakuambia chujio bado zima, kumbe THM zinapita. Badilisha katriji kwa lita au miezi iliyoandikwa, usingoje ladha irudi. Na ukiwa dukani, achana na maneno makubwa ya mbele ya boksi, geuza nyuma utafute namba. Cheti cha NSF/ANSI 42, kiwango cha Marekani, kinahusu klorini, ladha na harufu tu. Cha NSF/ANSI 53 kinahusu madhara ya kiafya, na ndani yake utafute THM zikiwa zimetajwa. Boksi lisilo na cheti chochote unanunua kwa imani.

Kaboni pia haiui vijidudu. Ikishaondoa klorini, yenyewe inaweza kuwa makazi ya bakteria. Kwa hiyo ni chombo cha maji ambayo tayari ni salama, na kikae mwisho kabisa, karibu na glasi.

Mashine ya RO, yaani reverse osmosis, husukuma maji kupita kwenye utando wenye matundu madogo sana. Huondoa asidi za haloasetiki vizuri, klorati, bromati, chumvi, na floridi. Kwa klorofomu utando peke yake si hodari, kwa kuwa chembe zake ni ndogo na hazina chaji. Kazi hiyo hufanywa na kaboni iliyofungwa mbele ya utando, ambayo pia huukinga dhidi ya klorini inayouharibu. Ukisikia muuzaji akisema RO inaondoa kila kitu, muulize kaboni yake hubadilishwa lini.

Bei ya RO haiishii dukani. Mashine nyingi za nyumbani humwaga lita mbili hadi nne kwa kila lita moja unayokunywa. Katika mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki, hiyo ni dhambi isipokuwa maji hayo yanakingwa kwa ndoo na kupelekwa chooni au kudekia. Inataka pia msukumo wa kutosha, na mara nyingi pampu ya stima.

Kama shida yako ni THM za mfereji peke yake, sioni haja ya RO. Kaboni nzuri inatosha kwa sehemu ndogo ya pesa hizo. RO hujipatia haki yake kwenye maji ya kisima. Visima vingi virefu vya Nairobi vina floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha WHO, na ushahidi uko kwenye meno ya watoto. Mtu anayekimbilia kisima kwa sababu "hakina kemikali za kanjo" mara nyingi kapunguza THM kweli, maana maji ya chini sana huwa na viungo vichache vya mimea, lakini kabadilisha na floridi ambayo kuchemsha, klorini na jagi la kaboni la kawaida vyote vinaiacha palepale.

Jambo moja husahaulika na wauza chujio wote. THM huingia mwilini pia kwa ngozi na kwa mvuke, hasa unapooga maji moto. Jagi la jikoni halikusaidii bafuni. Kidirisha kilichofunguliwa kinasaidia, na hakina katriji.

UV, ozoni na mtungi wa dukani

Taa ya UV, yaani mionzi ya urujuanimno, huua vijidudu bila kuzaa THM. Inataka maji meupe, inataka stima, na haiachi ulinzi wowote nyuma yake. Nzuri kwenye mfereji wa mwisho, haina maana kwenye tangi.

Ozoni, gesi inayoua vijidudu, ndiyo maduka mengi ya kujaza hupenda kutangaza. Haizai THM za klorini, ila ikikuta bromidi huzaa bromati, yenye kikomo cha mikrogramu 10 kwa lita. Mwaka 2004 Coca-Cola iliondoa sokoni Uingereza chupa zipatazo nusu milioni za maji ya Dasani kwa sababu bromati ilikuwa imepita kikomo, na iliyoizaa ni ozoni. Kampuni kubwa hivyo, na maabara zake. Kwa hiyo muulize mwenye duka: ozoni inakuja kabla ya RO au baada? Jibu zuri ni baada, kwa kuwa RO itakuwa imeshatoa sehemu kubwa ya bromidi. Asipojua, tazama jinsi anavyoosha mitungi, kisha tazama kama kibali cha KEBS kipo ukutani na hakijapitwa na wakati. Mtungi mchafu utakuumiza kabla ya bromati.

Mbona kampuni ya maji isibadilishe dawa?

Ingeweza kutumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, kama miji mingi ya Marekani, na THM zingeshuka. Jiji la Washington lilifanya hivyo mwishoni mwa 2000. Mabadiliko hayo ya kikemia yakaanza kuyeyusha madini ya risasi kwenye mabomba ya zamani, na kiwango cha risasi kwenye nyumba za watu kikapanda vibaya. Nairobi ina tatizo lake la ziada: bomba likikauka wakati wa mgao, hunyonya uchafu kupitia nyufa na viungio vya wizi. Bomba la namna hiyo linahitaji klorini yenye nguvu ndani yake. Nafuu ya kweli iko juu zaidi, kugandisha na kutuliza uchafu vizuri kabla ya kutia klorini, na kuulinda msitu ili mto usishuke na udongo.

Kulingana na maji yanayokufikia

Mfereji wa kampuni, maji meupe, unahifadhi kidogo: jagi au chujio la kaboni lenye cheti kwa maji ya kunywa baridi. Kama bomba lenu hukauka mara kwa mara, chemsha kwanza maji hayo, yapoe, ndipo uyapitishe. Bajeti ikikataa, sufuria wazi.

Mkokoteni au boza, chanzo hukijui: tuliza, chuja, tia klorini kwa kipimo cha lebo, ngoja nusu saa. Hapo usianze na kaboni hata kidogo. Hifadhi kwenye mtungi wa mdomo mwembamba au ndoo ya koki.

Kisima: kabla ya kununua mashine yoyote, peleka sampuli maabara, floridi iwe ya kwanza kwenye orodha. Ikipita kikomo, RO. Isipopita, klorini kidogo inatosha.

Wenye ploti na makeateka wana swali tofauti, kwa kuwa tangi moja ni vikombe vya familia ishirini. Usifunge kaboni kwenye bomba linaloingiza maji tangini. Nimesikia ikiuzwa hivyo, eti "jengo zima lipate maji matamu", na kinachotokea ni tangi kubwa lisilo na klorini, lenye joto la bati, likingoja wadudu. Pesa hiyo itumike kuosha tangi, kwa maana tope la chini hula klorini na kuzaa THM mchana na usiku.

Dawa ya tangi nayo ipimwe kwa mizani, si kwa kiganja. Klorini ya unga huwa na nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Tangi la lita 10,000 likitaka miligramu 2 kwa lita, hiyo ni klorini gramu 20, yaani unga kama gramu 30. Nimeona kopo zima likimiminwa. Vidonge vya bwawa la kuogelea na dawa za kufulia zenye manukato visiingie kabisa. Koroga unga kwenye ndoo kwanza, mimina, ngoja nusu saa, kisha pima kwa vijiti vya klorini kwenye mfereji wa nyumba iliyo mbali zaidi na tangi. Ikisoma kati ya 0.2 na 0.5, funga kopo.